Ndiyo, na Begi Lako Nimeshalifunga

Mwenzangu, acha unachofanya usome hapa.

Lile darasa la maigizo ya papo kwa papo, tulilopelekwa na mshauri wa ndoa? Sheria yake ni moja: mwenzako akisema kitu hukatai, unasema "ndiyo, na", kisha unaongeza lako. Eti inaponya ndoa.

Leo tuliambiwa tuje na ndugu. Mume wangu kapanda jukwaani, mama yake kakaa mstari wa mbele, kasema: "Mke wangu hajui kupika, mimi nakula kwa mama."

Kwa mama! Mimi ninayempikia kila alfajiri kabla sijaenda kazini! Na watu wanacheka mpaka machozi.

Nikatabasamu. "Ndiyo, na begi lako nimeshalifunga, uhamie huko huko."

Mara mama mkwe huyo kainuka kitini: "Ndiyo, na chumba chako nilishakigeuza stoo zamani."

Mama mkwe! Nilitamani nimbebe mgongoni.

Sasa hivi bwana kasimama jikoni. Nimemuuliza: "Wiki hii nzima unapika wewe?"

Kachukua mwiko.

"Ndiyo."

Nikamkazia macho. "Ndiyo, na?"

"Na vyombo nitaosha."