Papa Kambale, Saloni Yako Imemalizika

Papa Kambale,

Saloni yako imemalizika: chumba cha kukaa sasa kiko na sauti. Nilitaka usikie hilo kwanza, kabla ya mengine, kwa sababu mengine si mepesi.

Ni mimi Furaha, mwanafunzi wako wa kazi. Naandika nikiwa kwenye kochi, katikati kabisa ya spika zako, mahali ulipozoea kunikalisha ukisema, "Hapa ndiko mufalme anaikala. Bafle zote zinamusalimia yeye." Ni muchana, umeme hakuna, na inje watu wanapita na bidoni zao za maji. Isipokuwa wewe hauko, Goma inaonekana kama Goma.

Sijui kama ulifahamu kitu kilichokupata. Siku zile za masasi, walipokuwa wanapigania muji, tulikuwa tumelala kwenye koridori, wewe, muke wako Mama Masika na mimi, magodoro tumeyaegemeza dirishani. Asubuhi moja kukatulia kidogo. Ukasema unaenda kuangalia kama vumbi limeingia ndani ya ampli, ile mashine yako ya sauti. Mama akakuambia, "Achana na ile ampli, iko na miguu?" Ukacheka, ukaingia saloni. Halafu sisi wawili tukasikia kitu kidogo tu juu ya manjanja, yaani bati, kama mutoto ametupa jiwe juu ya nyumba. Hakukuwa na mulio mwingine. Risasi ile ilikuwa imetoka mbali, imechoka, inashuka tu. Ilipita bati, ikapita plafon chini yake, ikakukuta wewe.

Tulikupakia kwenye chukudu ya jirani, ile ya mbao anayobebea magunia, kwa sababu hakuna mwenye pikipiki aliyekubali kupita. Mama alishika kichwa chako. Mimi nilisukuma. Hukufika hospitali, Papa. Mimi nilijua kabla ya Mama, kwa sababu mukono wako ulikuwa unagonga kwenye gurudumu na hukuurudisha.

Kwenye kilio kulikuwa na maneno. Ndugu yako mumoja, jina lake nitaliacha, alisema mbele ya watu kwamba si vizuri mutoto wa Rutshuru, mwenye kusema Kinyarwanda, agawe chai kwenye matanga ya mutu aliyeuliwa na watu wa luga yake. Nilikuwa na sinia mukononi. Nilitafuta mahali pa kuiweka, sikuona. Mama Masika alikuwa amelala kwenye mukeka, na tangu maziko hakuwa amefungua mudomo. Akainuka akaikala.

"Huyu alimusukuma bwana yangu kwenye chukudu," akasema. "Wewe ulikuwa wapi?"

Akalala tena. Nikagawa chai.

Baada ya watu kutawanyika, Mama hakuingia saloni tena. Alipika inje, akalala kwenye koridori, na kila alipopita mbele ya ule uwazi wa saloni alitembea haraka kama mutu anayepita karibu na imbwa. Mutoto wenu Kavira alikuwa anapiga simu kutoka Butembo kila mara: mama, njoo, unabakia kule kufanya nini. Mama alikuwa anajibu kwa Kinande, kwa sauti ya chini. Sikuuliza. Nilikuwa naogopa jibu. Papa, nilikuja kwako nikiwa musichana wa kambi ya wakimbizi ya Mugunga asiyejua hata kushika turunivisi na kukaza skrubu, na wewe na Mama mulinipa mulango wa kugonga. Kama Mama angeenda, mulango ungebaki, lakini ningemugongea nani?

Siku moja akaniita jikoni. "Furaha, umalize kazi ya Papa yako ya bafle mule ndani. Nione kama naweza kuikala. Nikiweza, nitajua la kufanya."

Nilimuelewa hivi: akiweza, atabaki. Basi nikaianza kazi kama mutu anayejenga ukuta wa kumuzuia asiondoke.

Saloni yako unaijua. Wateja walikucheka kwamba nyumba ya fundi wa sauti haina sauti, na wewe ulikuwa unawajibu kwamba saloni zao ni rahisi, ziko na pembe ine. Yako ilijengwa juu ya mawe ya volkano ya kwanza, yalipopoa, na ulikataa kuvunja lile donge la mawe lililobaki nyuma. "Lilikuja bila kualikwa," ulisema, "lakini sasa ni mwenyeji." Ndiyo maana sakafu inapanda nyuma kama mugongo wa ngombe, na plafon inashuka kuikuta. Kuume, ukuta wa mawe meusi, umepinda. Kushoto, hakuna ukuta kabisa, ni koridori tu. Na volkano ya pili, ilipotufukuza wote kuelekea Sake, matetemeko yakaongeza ufa. Unakumbuka siku ile? Tulipita Mugunga, tukapita Lac Vert, barabara imejaa watu na mbuzi, na wewe umebeba ampli imefungwa ndani ya kitenge cha Mama. Mama alikuwa na godoro kichwani. "Watu wanabeba watoto, wewe unabeba makelele!" Hata watu tusiowajua walicheka. Mimi nilicheka mpaka nikasahau kwamba tunakimbia.

Nikaanza na bafle za pembeni. Ule ukuta wa mawe haushiki musumari, unakuwa unga, basi nikapitisha ubao mupana na kuufunga kwa buloni ndefu za kukaza kwenye saruji iliyo katikati ya mawe. Bafle ya kuume ikaikala pale. Kwa ile ya kushoto nilimupelekea fundi wa kuchomelea mabomba ya kitanda cha zamani, akanitengenezea muguu, na chini yake nikafunga bamba la jiwe ili mutu asiuangushe akitoka koridori. Lakini sasa moja iko karibu na kochi, nyingine iko mbali. Nikakumbuka neno lako: "Wa karibu amungojee wa mbali." Nikaipunguza ya kuume, nikaichelewesha kidogo kwenye ampli, mpaka makofi yangu niliyorekodi yakafika kwenye masikio yote mawili pamoja.

Kochi ulikuwa umeliegemeza kwenye ukuta wa nyuma. Nilijua hukupapenda, ulikosa tu pengine. Nimelivuta mbele, limepanda kwenye mugongo wa donge, na miguu yake miwili nimeiwekea vipande vya mbao. Kwa kuwa sasa mutu anaikala juu zaidi, bafle za pembeni pia nimezipandisha, kidogo juu ya masikio, vile ulivyonifundisha.

Zilibaki bafle mbili za juu, za kuleta sauti kutoka plafon.

Alama zako mbili za penseli zilikuwa bado kwenye plafon, juu ya kochi. Tundu la risasi lilikuwa shibiri moja kutoka ile ya kuume. Nilisimama kwenye ngazi nikilitazama, na mwanga mudogo wa jua ulipita ndani yake ukaniangukia kwenye mukono. Nilitaka kushuka. Halafu nikajiambia kwamba alama ni zako, na kazi ni yako. Nikakata pale ulipoandika. Nikazifunga.

Siku ya kujaribu nilichagua mvua ya kurekodi. Nilifikiri mvua haina ubaya, hapa kwetu inanyesha kila siku. Mama akaingia amejifunika kitenge, akaikala kwenye kochi, mikono kwenye magoti kama mutu anayengojea daktari. Nikafungua. Kwanza upepo, pembeni, vizuri kabisa. Halafu matone ya kwanza, moja moja, juu ya bati.

Tone la tatu lilimukuta Mama tayari yuko chini.

"Zima! Furaha, zima iyo kitu!"

Sikuweza kuzima, Papa. Telekomandi ilikuwa juu ya meza na mimi nilikuwa chini ya meza. Sikumbuki nilivyofika pale. Tulilala kwenye simenti, wanawake wawili wazima, tunakimbia mvua ambayo haikuwepo, mpaka rekodi ile ikaisha yenyewe. Hatukucheka. Mama akatambaa mpaka koridori ndipo akasimama.

Siku ile nilikukasirikia. Nisamehe, lakini nilikukasirikia. Uliniambia kwamba sauti ya juu ndiyo inayofungua nyumba. Hukuniambia inaweza kufungua na kaburi. Na nilikukasirikia kwa ajili ya vumbi la ampli. Vumbi, Papa. Lingengoja.

Jioni nikamusikia Mama, safari hii kwa Kiswahili, akimuambia Kavira atafute chumba kule Butembo.

Nilikaa na neno lile siku kadhaa. Halafu nikamufuata inje, alikuwa anachagua maharagi. "Mama, kinachokuogopesha ni sauti, ao ni mahali inapotokea?"

Alifikiri, akatupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharagi. "Kitu ninachokiona, sikiogope. Kile kilichomukuta Papa yako, hatukukiona."

Basi nikazishusha bafle zako. Nimezipeleka mbele, juu kabisa ya ukuta wa televizio, moja kuume moja kushoto, zimeinama kuelekea kochi. Najua ungebisha. Ungesema mvua sasa inabaki mbele, haipiti juu ya kichwa cha mutu. Ni kweli. Inakuwa kama mvua unayoitazama ukiwa kwenye baraza. Lakini Mama anaziona, na anajua kitu kinatoka wapi.

Kwenye plafon yakabaki matundu matatu. Nilikuwa nayafunika kwa vipande vya mbao nyembamba ya tripleksi Mama alipoingia, hakuna aliyemuita. Alishika ngazi. Alinipandishia misumari, mumoja mumoja. Nilipofunika matundu yangu mawili akasema, "Shuka. Hili ni langu." Akapanda, Papa, na ule mugongo wake unaouma, akapigilia kipande cha tatu mwenyewe. Alipiga kwa nguvu kupita kazi ilivyohitaji. Aliposhuka akapangusa vumbi usoni, akasema maharagi yataungua, akatoka.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba jaribio la pili. Sikuamini alichochagua. "Weka mupira," akasema. Mama Masika, aliyekuwa anakuzimia televizio! Timu ya taifa ilikuwa inacheza alasiri ile. Niliazima betri ya sola kwa jirani, nikafungua.

Makelele ya uwanja yakatoka pembeni zote mbili, laini, na upande wa kushoto yakaingia mpaka ndani ya koridori. Mama akageuka akatazama kule. Nikaikamata telekomandi nizime. Lakini hakuinuka. Alitazama ile koridori tulipolala siku zile zote, akasema polepole, "Ni kama imejaa watu."

Halafu saloni ikajaa kweli. Jirani mwenye betri aliingia, na muke wake, na wengine wawili waliosikia kutoka barabarani, wakaikala kwenye donge la mawe kama kwenye viti vya uwanja. Tulifungwa. Mama alimutukana mwamuzi kwa Kinande, na mimi nikaenda jikoni nikajifunika uso kwa kitambaa cha vyombo. Nilikuwa nafikiri, amebaki. Amebaki.

Watu walipotoka akaniambia nikaikale karibu naye.

"Furaha, nimeikala."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa nitaenda Butembo."

Nikamuambia, lakini Mama, ulisema ukiweza...

"Nilisema nitajua la kufanya." Akanishika mukono. "Sikia. Volkano ya kwanza, nilikimbia. Ya pili, nilikimbia. Hizi vita, nimekimbia mpaka nimechoka kuhesabu. Sikutaka kuikimbia nyumba ya Kambale. Ningetoka wakati ule, ningekuwa nimefukuzwa. Sasa ninaweza kuikala hapa, na ninaenda kuona wajukuu wangu. Hiyo siyo kukimbia."

Papa, nilikuwa nimejenga ukuta, kumbe nilikuwa nafungua mulango.

Aliniuliza mama yangu aliyenizaa yuko wapi. Nikamuambia: wale walioshika muji walipowaondoa watu kwenye kambi, alirudi Rutshuru, akakuta nyumba imebaki kuta tu, bati zimeibwa, analala kwa watu wa kanisa. Mama Masika akatoa funguo kwenye pindo la kitenge. "Mulete. Nyumba haipende kulala peke yake." Nikamukumbusha ndugu yako na maneno ya kilio. "Mwenye nyumba ni nani?" akasema. "Akiwa na neno, anipigie simu."

Niliwasindikiza, yeye na vifurushi vyake, mpaka kwenye gari. Barabara ile iko na vizuizi vingi na nilingoja simu yake nikiwa siwezi kula. Alifika. Kavira alilia kwenye simu, nami nikalia, na Mama akatuambia tuache kumaliza unite za simu.

Mama yangu yuko hapa sasa. Anafagia mahali palipofagiliwa. Hajaamini bado, mufuko wake umefungwa, umekaa karibu na mulango, na gari kubwa likipita anasimama. Juzi nilimuwekea nyimbo za kwaya, sauti ya chini. Alisikiliza kidogo, akaniomba nizime, akasema anataka kusikia inje. Nikazima. Sijui muji huu utakuwa wa nani mwaka ujao, wala kama tutaulizwa siku moja tunafanya nini ndani ya nyumba hii. Wateja ni wachache. Wengi waliokuwa na saloni nzuri wameenda. Wiki hii nimetengeneza redio mbili na maikrofoni ya parokia, basi.

Lakini kazi sitaiacha. Hilo nakuahidi, Papa, na lingine pia. Kavira ameniambia chumba walichomupa Mama kule Butembo ni kirefu na kinakuwa chembamba mwishoni, dirisha liko mahali pabaya, na mulango unafungukia kwenye kitanda. Nimemuambia wasisogeze kitu. Barabara ikitulia nitapanda kule na bafle mbili ndogo na kamba ya kupimia, nimukalishe Mama katikati, nianzie pale alipo.

Pumzika, Papa Kambale. Aksanti kwa mulango.

Mutoto wako wa kazi,
Furaha