Bakuli la Espe Nimehama Nalo

Dada yangu Espe, popote ulipo upande ule wa mpaka,

Asubuhi za Kasulu siku hizi zina ukungu mzito. Nikifungua mlango wa jiko naona kama utatokea humo, kitenge umekifunga juujuu, bakuli la bati lenye maua ya buluu mkononi, uniamkie kwa Kirundi, "Bwakeye," kabla sijanawa uso. Hujawahi kufika kwenye nyumba hii, lakini jiko lake linakujua. Nasimama pale na mwiko mpaka maji yanachemka na kumwagikia moto. Mume wangu huuliza nasubiri nini. Namjibu sisubiri kitu, na ninamdanganya.

Unakumbuka tulivyokutana? Nilikuwa bado naishi Kibondo, nauza karanga, siku ile nimefuata pesa zangu kwa wateja wa soko la kambi ya wakimbizi ya Mtendeli. Wewe ulikuwa unauza majani ya muhogo huku unamfundisha mama mmoja kupika kisamvu, unakiita isombe, na mimi mdomo wangu huu nikadakia kwamba bila karanga hicho si chakula. Ukaniambia karanga ni za watu wasiojua kutwanga. Tulibishana mpaka yule mama akaenda kununua majani kwa mwingine, tukabaki tunacheka wawili. Ndipo ukanionyesha daftari lako la mapishi, limechakaa, lina madoa ya mawese kila ukurasa. Na mimi nikakuonyesha blogu yangu kwenye simu, ambayo wasomaji wake wengi walikuwa mashemeji zangu.

Uliisoma, ukarudisha simu. "Unaandika vizuri," ukasema, "lakini kila siku unajisifia mwenyewe. Nani atakuamini?"

Iliniuma, nakwambia leo. Lakini wiki ile ile ulinitumia isombe kwenye bakuli lako, nami nikalirudisha na karanga ndani, kama ilivyo kwetu Waha na kwenu Warundi: chombo cha jirani hakirudi kitupu, utatia hata yai, hata chumvi kidogo. Ulipolipokea ukakaa chini ghafla. Ukasema nikufungulie nawe ukurasa, na kurasa zetu zifanye hivyo hivyo. Mimi nipike chakula chako na kuwapeleka wasomaji wangu kwako, wewe upike cha mwingine, na huyo cha mwenzake, mpaka kizunguke kinirudie. Ukaweka na sheria: hakuna kumsifia mtu chakula ambacho hujakipika na kukitafuna mwenyewe.

Ee, tulisumbuka! Kila mwandishi wa mapishi tuliyemfuata alitaka kutangazwa, kutangaza mwenzake hataki. Mwalimu Zuhura, yule wa Tanga aliyepangiwa kufundisha Nyakitonto, aligoma kabisa kugusa mawese, akasema yeye ni mtu wa nazi. Ukamsubiri. Siku alipokubali na kupika, aliandika kwamba amekula mpaka akasahau kusahihisha madaftari, na wasomaji wake wa Tanga wakamiminika kwenye ukurasa wako, Chungu cha Espe, ambao wewe ulikuwa unanisomea daftari na mimi ndiye naandika. Nakuona bado umekaa kwenye kigoda, macho umeyafumba, unanitajia chumvi polepole kama mtu anayeota.

Kisha kambi ikafungwa. Wengine wakahamishwa, wewe ukajiandikisha kurudi nyumbani. Jioni ya kuamkia safari ulinitumia isombe ya mwisho kwenye lile bakuli. Asubuhi nilikuwa nakaanga karanga za kurudishia, nikasikia magari yameanza kupakia watu. Espe, nilishikwa na hofu ya kukukosa. Niliepua zile karanga zikiwa nusu mbichi, nikaziacha, nikabeba bakuli na kurukia bodaboda. Ningeweza kuzileta mbichi hivyo hivyo. Ningeweza kutia hata chumvi. Sikufikiri kitu, niliwaza uso wako tu.

Nilikukuta umeshapanda. Nikakunyooshea bakuli. Ukaangalia ndani, ukaniangalia mimi, ukalirudisha mikononi mwangu.

"Likae kwako," ukasema. "Mimi sipokei bakuli tupu."

Gari likaondoka. Unajua mwenyewe chombo kitupu kinasema nini kwetu: usinijie tena. Namba yako ikazimika, na Chungu cha Espe hakijapata neno jipya tangu siku ile. Nimeishi nikiamini uliondoka ukidhani nimekufukuza.

Sasa tuko majiko kumi na manne mbali na lako, kutoka Kumsenga mpaka Nyakitonto, na wiki hii zamu imekufikia. Wenzetu wanasema, kwa upole, kwamba jiko lililonyamaza lipishe lingine. Kuna mama mwingine wa Kumsenga anangoja nafasi, na anapika vizuri, siwezi kumsema vibaya. Niliwaomba wanipe wiki hii moja. Usipojibu, jina lako linatoka, na mimi ndiye nitakayelifuta kwa mkono wangu. Siwezi, Espe. Sijui nitawezaje.

Ni Mwalimu Zuhura aliyenifumbua macho. Nilimweleza habari ya bakuli, yeye mgeni wa mila zetu, akanitazama kama mwanafunzi aliyekosa hesabu rahisi. "Mtu aliyekasirika huchukua chombo chake akaenda zake," akaniambia. "Huyu amekuachia. Anataka umfuate nacho."

Sijui kama ni kweli. Natamani iwe kweli, mpaka usingizini naliota gari lile likirudi nyuma. Ndiyo maana leo kurasa zote kumi na nne zimetoa barua hii, na majiko yote kumi na manne yamepika isombe yako, ili popote utakaposhika simu ya mtu ikukute. Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika. Hata neno moja nitalipokea.

Nami nimeipika kwa kutwanga, bila karanga, kama ulivyotaka siku ile ya kwanza. Umeshinda, dada.

Karanga ziko kwenye bakuli lako. Safari hii nilingoja mpaka zikaiva.

Ni mimi mdogo wako,
yule muuza karanga.