Jiwe la Kumi na Moja, Ulilolitoa Korongoni

Baba,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo kisha nikakaa kidogo, kama mtu anayengoja aitikiwe. Halafu nikaona niendelee tu.

Leo ni siku ya arobaini na tatu. Arobaini yako ilipita salama. Watu wa Ilongero walikuja wengi, hata wale mliogombania nao mpaka wa malisho. Alizeti ya shamba la chini tumeivuna, ingawa ndege walitutangulia. Ng'ombe anawachunga Hamisi sasa. Yule dume mweusi alimsumbua mdogo wangu wiki ya kwanza, lakini ametulia. Mama anakula. Mimi pia nakula. Sijalia, Baba. Nakueleza hili kama ninavyokueleza habari za alizeti, kwa sababu ndivyo lilivyo.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya Mama. Juzi tulikuwa tunapepeta uwele, akaniuliza, "Yale mawe uliyokwenda kuyapima ng'ambo, ulimjibu baba yako?" Nikasema sikuwahi. Akasema, "Basi mjibu."

Siku ile tuliyopanda kile kilima cheusi, nilikueleza kwamba ni volkano ndogo iliyozimika zamani, na kwamba lava yake ina chumvi nyingi za jamii ya magadi. Nikakwambia wataalamu wanabishana ilikotoka. Wapo wanaosema ilitoka chini kabisa, chini ya mizizi ya matale yetu haya, miamba mikubwa ya Singida. Wapo wanaosema ilipokuwa inapanda iliyayeyusha matale njiani, ikachanganyika nayo.

"Utajuaje, na jiwe halisemi?" uliniuliza.

Nikakwambia kuna kitu kinaitwa isotopu. Ni chembe za kitu kimoja, zinatofautiana uzito tu. Matale ni ya kale mno, na kwa muda wote huo yamejikusanyia ndani yake aina moja ya madini ya stronti kwa wingi kuliko kawaida. Lava ikiwa imeyala matale, aina hiyo itaonekana imezidi.

Ukacheka. "Kumbe ni kama maziwa! Ng'ombe akilishia bondeni, maziwa yanasema."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu, neno kwa neno.

Halafu nikaokota mawe kumi kileleni, nikayafunga kwenye mifuko, nikasema inatosha. Wewe hukukubali. "Hayo yamekaa juani mno, yameoza. Twende korongoni, mvua imekata ukingo." Nilikuwa nimechoka, na acha niseme kweli, nilikuwa na kiburi. Nikakwambia, "Baba, mimi ndiye niliyesomea." Ukachukua sururu, ukateremka peke yako na goti lako lile bovu. Nilikaa kivulini nikinywa maji. Ulichukua muda mrefu. Ulirudi umebeba begani jiwe jeusi kama sufuria ya kuni, na lilipopasuliwa lilikuwa na punje za kijani zinazong'aa. Nililiandikia namba kumi na moja ili nisikuudhi. Sikukushukuru.

Kule ng'ambo yale kumi yalinitesa. Kila moja lilitoa jibu lake, na namba za mengi zilikuwa juu. Haikujulikana kama lava ndiyo iliyokula matale, au ni vumbi na maji ya mvua yaliyopenya baadaye jiwe likiwa limechakaa. Mwalimu wangu, mama mmoja mpole, akaniuliza kama kuna lingine lolote. Nikasema lipo moja, alilichukua baba yangu.

Hilo ndilo lililokuwa linapimwa Hamisi aliponipigia simu. "Dada, Baba ametutoka. Ni kifua. Tulimfikisha zahanati, hakukaa." Akasema mazishi ni kesho baada ya adhuhuri.

Mwalimu akaniambia niache kila kitu niondoke. Nikamwambia tuiache mashine imalize. Ndege ya karibu ilikuwa baada ya siku mbili, nisingewahi kukuzika, na hivyo ndivyo nilivyowaambia watu wote hapa. Lakini hiyo si sababu yenyewe, Baba. Ningeweza kutoka mle chumbani. Sikutoka. Sikujua niende wapi, kwa hiyo nikabaki kwenye kile kiti. Asubuhi yake, walipokuwa wanakuosha huku, mimi nilikuwa naandika namba.

Namba zilikuwa chini, na zilitulia. Vipande vingine viwili vya jiwe lako vilipimwa baadaye, vikasema hilohilo. Lava ile ilitoka kina kirefu, chini ya matale, ikapita katikati yake bila kuchukua kitu. Yaelekea ilikuwa na haraka. Zile punje za kijani nazo ilizibeba hukohuko chini. Mwalimu anasema kilima kimoja hakitoshi kumaliza ubishi, na ni kweli, lakini kwa kilima hiki jibu limepatikana.

Ndilo hilo. Ulikuwa sahihi kuhusu korongo, na mimi nilikosea. Kwenye kitabu changu cha utafiti kuna jedwali lenye safu ya aliyeokota jiwe. Kwenye kumi kuna jina langu. Kwenye la kumi na moja nimeandika lako, la baba yako na la babu yako, yote matatu.

Nilidhani nikishakwambia haya kuna kitu kitafunguka kifuani. Hakijafunguka. Kuku wanaparua nje. Mama ananiita nikaanue uwele.

Sijafika kaburini kwako. Kila nikienda kisimani nazunguka njia ya mbali, na Mama anajua. Naogopa kusimama pale nisihisi chochote, kama sasa. Lakini nakuahidi, Ijumaa hii nitakuja pamoja naye. Nisipolia usidhani sikukupenda. Nitakuja Ijumaa inayofuata, na ile ya baada yake, mpaka siku nitakayokuwa nimefika kweli.

Pumzika, Baba. Mungu akupe nuru huko uliko.

Mwanao,
Mwajuma