Jibu la Mpira wa Eladio

San Pedro de Macorís, Januari

Dada Ercilia,

Hatujambo, ila usicheke mwandiko wangu. Muwa umeanza kukatwa, mihogo ya mama imestawi, na mtaani linatajwa jina moja tu: mwanao Eladio.

Umeniuliza kama msimu wake huu wa kurusha mpira wa besiboli ni ufundi au bahati, ujue kama umkatie tiketi aje New York kwenye gereji ya shemeji. Kinyozi wetu ameshahukumu: "Bahati hiyo. Wapigaji wanaipiga mipira yake kwa gongo, ila inawaangukia wenzake mikononi. Mwakani itaangukia nyasini." Nami nilianza kumwamini, maana ukikaa jukwaani huoni mpira unafanya nini mwishoni.

Basi jana nikamwita uani, nikavaa glovu yangu ya udakaji, nikachuchumaa. Akarusha wa kwanza, wa kawaida. Wa pili vilevile.

"Mwanangu," nikamwambia, "gereji ya huko kwa mama yako ni nzuri."

Akacheka. "Mjomba, ficha huo mkono."

Ananiambia mimi, niliyefundisha wadakaji wa mtaa mzima kuficha mkono usio na glovu nyuma ya mgongo. Nikampuuza. Mpira ukaja umenyooka, nikaona nimeshaudaka, kumbe mwishoni ukakata kulia ukanipata kidole gumba cha mkono huo wa kulia. Mpira wa namna hiyo hata ukipigwa, unapigwa vibaya, na wenzake wanaudaka kirahisi.

"Huo nimejifunza Agosti," akasema, akienda kuniletea barafu.

Nakuandikia kwa mkono wa kushoto, dada. Tiketi usikate.

Mdogo wako,
Fermín