Mlango wa Bibi Harusi

Jumatatu, 8 Septemba 2003

Leo Mjerumani kagoma kufa. Nimegeuza ufunguo, nikauchomoa, nikautia mfukoni — injini inanguruma tu kama haijasikia! Ni gari la Kijerumani la dizeli, lina miaka ishirini na moja, limenitii tangu siku nililolinunua. Limengoja juma hili ndiyo lianze ukaidi. Nimefungua boneti na kubonyeza kile chuma cha kuzimia kwa kidole. Likanyamaza.

Jumapili ndiyo siku ya kumleta Vitore, mchumba wa Mhill, mtoto wa kaka yangu. Kwa desturi yetu kaka hubaki nyumbani kupokea wageni. Bwana harusi naye hubaki, ajifanye hana haraka. Kiongozi wa msafara ni mimi, baba mdogo.

Jirani Gjokë kapiga kelele kabla hajafika langoni: pampu ya dizeli hiyo! Gjokë kaendesha trekta la ushirika ujana wake wote. Kwake kila ugonjwa ni pampu. Hata goti la mkewe.

Jumanne, 9 Septemba

Sijalala vizuri. Uani kwa baba wa bibi harusi magari yote huzimwa, watu wakaketi, wakanywa kahawa. Gari linalonguruma pale maana yake moja: lete binti, tuna kazi nyingine. Kwetu huku watu wamenuniana mpaka kaburini kwa madogo kuliko hilo.

Na baba mwenyewe ni nani? Ndoc! Fundi wa Wajerumani wote wa milimani. Gari likiwa bado kwenye kona ya kanisa, yeye kibarazani kwake ameshataja ugonjwa. Namwonea wivu, lakini mkubwa ni mkubwa. Hana mtoto wa kiume. Siku ya posa Vitore alituletea kahawa, macho chini, sahani haitikisiki — na kucha zina mstari mweusi. Drane, mke wangu, akaninong'oneza: huyu hajui kunawa. Mimi nilisikia harufu ya dizeli. 

Drane leo:

"Mpigie simu Ndoc."

"Nikaombe dawa kwa mkwe juma la harusi? Bora nife!"

"Basi utakufa wewe, gari liendelee."

Jumatano, 10 Septemba

Nimekaa na Mjerumani peke yetu, kama watu wazima. Huyu hana nyaya kwenye loki zake. Ana pumzi! Pampu ndogo mbele ya injini inavuta hewa, na mvuto huo unapita kwenye vimpira vyembamba: unafunga milango, unafunga buti, unafunga kifuniko cha tangi — na ukigeuza ufunguo, mvuto huohuo ndio unaoikaba injini. Aliyebuni hili alikuwa na akili ya kutisha. Au alikuwa mvivu wa nyaya. Mara nyingi ni mtu yuleyule.

Nikachomoa kimpira pale kwenye pampu, nikaweka kidole: karibu kuninyonya ukucha! Nikajaribu kule mwisho, panapozimiwa injini: hafifu, busu la shangazi. Kwa hiyo pampu ya mvuto ni nzima, ya dizeli haina kosa, na Gjokë kaangukia pua. Mvuto unaibwa njiani.

Drane, akipita na beseni la pilipili za kuchoma, kaniambia mlango wa nyuma wa kulia, kipini chake cha loki kimesimama nusu tangu juma lililopita. Kwamba alinieleza, nikamjibu mlango si injini. Sikumbuki. (Nakumbuka.)

Nimeweka sikio mlangoni. Sssss. Kama mtu anayejizuia kucheka.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeinua zulia, nikavichomoa vimpira viwili vinavyokwenda mlango ule, nikaviziba kwa njiti za kiberiti. Ufunguo — kimya! Papo hapo! Nimeimba.

Drane hakuimba. Kazunguka gari, kaufunga mlango wangu kwa ufunguo. Vipini vitatu vimeshuka, cha nyuma kulia kimesimama wima. Hapo ndipo anapokaa bibi harusi, kasema. Nikamwambia atakibonyeza mwenyewe kwa kidole, kuna ugumu gani? Kaniangalia kama nimetukana kanisani. Bibi harusi hajifungii mlango. Wanamfungia waliomfuata. "Akijua kufunga, atajua kufungua."

Basi njiti hazitoshi.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimevua ngozi ya mlango. Ndani kuna kikopo cha plastiki, na ndani ya kikopo mpira laini kama kope la jicho. Umechanika, ufa wa unywele. Unywele huo ndio ulionikosesha usingizi! Wauza magari chakavu kule mjini hawana mpira huo. Walichonacho kimepasuka kuliko changu. Nimekata mpya kutoka chupa ya mpira ya maji ya moto ya Drane. Atajua baridi ikija.

Jumamosi, 13 Septemba

TAK! Vipini vinne kwa pamoja, na buti. Injini inakufa kistaarabu. Nimefunga na kufungua mpaka Gjokë kaniuliza kama nalipwa kwa kila tak. Kisha kasema hata hivyo pampu niiangalie.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika kwenye usukani, uani kwa Ndoc. Magari mengine yote yamezimwa. Langu linanguruma.

Nimegeuza ufunguo mara tatu. Mpira wangu umeachia, nadhani, kwenye makorongo ya barabara. Kufungua boneti hapa, mbele ya wazee, ni kuvua suruali. Ndoc alikuja dirishani na suti yake, akasikiliza kidogo.

"Mna haraka, mkwe?"

Nikasema hatuna. Nikasema namaliza kuandika jambo, nakuja kunywa kahawa. Kaenda kibarazani. Wajomba wa Vitore wananitazama. Mmoja ameweka kikombe chini bila kunywa.

Wamemtoa Vitore. Shela, macho chini. Leo hatakiwi kusema neno wala kumtazama mtu. Shangazi zake wanalia kwa zamu. Kufika mlango wa nyuma kulia akasimama. Kichwa kikainama kidogo — wote waliona haya ya bibi harusi. Mimi niliona sikio.

Kaingia. Shangazi wamebaki nje wakipangusa machozi. Nyuma yangu, midomo haitembei:

"Baba mdogo, mlango huu unavuja. Usigeuke."

Sijageuka. Kwenye kioo: anavua glavu nyeupe, kidole kwa kidole. Anainama kama anayepanga gauni. Zulia linainuka. Anachomoa pini mbili za shela — zina lulu kichwani! — na kuzitia kwenye vimpira, pale nilipotia njiti.

Na Ndoc? Kasimama kibarazani, kainua glasi ya raki, pombe yetu kali, na kuanza kuwaombea heri maharusi kwa sauti ya kuita mbuzi, mkono akiunyoosha kuelekea mlimani, watu wote wageukie huko. Mtu huyu hajawahi kusema zaidi ya maneno kumi mfululizo. Sasa yuko kwa babu wa babu yake.

Tak. Moja tu. Kipini cha nyuma kulia. Kakibonyeza mwenyewe.

Drane nitamwambia nini —

"Zima sasa, baba mdogo."

Ufunguo nimeugeuza: kimya! Naenda kunywa kahawa.