Bango Juu ya Paa

Jumatatu, 3 Juni
Habari ya maji tena, Mkolani. Bomba kavu, viongozi wakavu zaidi. Kurudi ofisini nikamkuta Mzee Masanja, dereva wetu, kwenye benchi la nje. Meneja amemnyang'anya funguo. Eti tangu mwezi jana ananyonya mafuta ya gari na kuyauza. Ana hadi Ijumaa ajieleze, la sivyo aondoke.

Mwezi jana ndipo walipofunga bango la matangazo juu ya paa la gari. Limesimama wima kama ubao wa darasani. Hakuna aliyelishuku bango.

Jumanne, 4 Juni
Nimemwambia meneja mafuta yanaliwa na upepo unaolipiga bango. "Kwa hiyo bango lina mdomo, linakunywa?" Ofisi nzima ikacheka. Wajinga.

Funguo sasa ninazo mimi. Jioni, nyumbani Butimba, nimeegemeza rula ya mita kwenye bampa na kulipiga gari picha ya mbele. Kutoka mbali, nikivuta kwa kamera. Ukipiga karibu, pua ya gari huvimba na kipimo kinadanganya. Nikaichapisha, nikaichorea miraba, nikahesabu. Uso wa gari: mita za mraba mbili na nusu. Bango peke yake: robo tatu ya mita ya mraba. Tena bapa. Upepo haupati pa kuteleza.

Jumatano, 5 Juni
Alasiri, barabara tambarare kupita Igoma. Spidi themanini, natoa gia, gari linajiendea. Mzee Masanja anapima muda kwa simu hadi mshale ushuke sitini. Tulikwenda na bango. Tukalifungua, tukarudi bila bango.

Tofauti hakuna.

"Basi, Mama Neema. Wacha nikalime," akasema Mzee Masanja.

Nimechukia kila kitu, rula ikiwemo.

Alhamisi, 6 Juni
Mchana jirani kachoma takataka. Moshi wote ukalalia mashariki. Nikasimama hapo kama mjinga. Mzaliwa wa Mwanza, nasahau upepo wa ziwa! Jana tulipokwenda mashariki na bango ulitusukuma mgongoni. Tuliporudi bila bango ulitupiga usoni.

Nimempigia Mzee Masanja. Kesho alfajiri, ziwa likiwa limelala.

Ijumaa, 7 Juni
Tumepima kwenda na kurudi, na bango, kisha bila bango. Kila mara, pande zote mbili, bango lilivunja mwendo mapema. Mno.

Nimeweka picha na vipimo mezani kwa meneja. Akauliza kama bango linaweza kulazwa kidogo.

"Mwite Mzee Masanja kwanza," nikasema.

Akamwita. Akampa funguo huku akitazama dirishani. Hata pole hakusema. Mtu mzima aliyeitwa mwizi mbele ya vijana! Hasira yangu haijaisha, wala sina haraka nayo.

Jumamosi, 8 Juni
Mnada wa ng'ombe, habari fupi. Mzee Masanja kwenye usukani. Bango limeegemezwa ukutani nyuma ya choo cha ofisi. Mluzi ambao bango lilikuwa likipiga paani haupo tena.

Kupita Igoma akatoa gia, akaliacha gari lijiendee. Simu ilibaki mfukoni mwangu. Gari lilikwenda mbali.