Kitatange wa Bwana Daktari

Jumanne, 7 Mfunguo Sita 1324 (kwa hesabu ya Wadachi, 1 Mei 1906)

Bismillahi. Kitatange wa pili amekufa. Nimemkuta baada ya swala ya alfajiri, amelala ubavu chini ya sanduku la vioo. Amebaki mmoja.

Samaki hawa walibebwa na wapagazi kutoka Lindi, ndani ya mapipa ya maji ya bahari, kwa kuwa Bwana Daktari wa boma la Songea apenda kutazama viumbe vya baharini. Alipokwenda Nyasa kuwatibu askari aliniachia mimi, kwa sababu moja tu — mimi ni mtu wa Kilwa. Akasema: nikirudi nikamkuta japo mmoja yu hai, utafuatana nami hadi pwani, umtunze njiani. Wakifa wote, sina kazi ya mzee safarini.

Boma halimpi mtu pasi ya safari bila kazi. Njia ya Namtumbo ni majivu tangu vita, hapana wa kumpa msafiri hata maji. Peke yangu sifiki. Na Mwanaheri, binti yangu, yuko Kilwa. Nilimwacha hajang'oka meno ya utotoni. Sasa yasemekana ana watoto. Basi safari yangu yote imo ndani ya samaki aliye sawa na kiganja.

Jumatano, 8 Mfunguo Sita

Ana vidoadoa vyeupe mapezini, mfano wa chembe za chumvi. Nilidhani ni chumvi kweli! Nikampangusa kwa unyoya wa kuku. Havitoki. Ajikuna kwenye mawe. Matamvua yafunguka na kufumba upesi, kama mtu aliyetoka mbioni.

Walburga, afagiaye nyumba ya Bwana Daktari, alisimama na ufagio wake.

"Shikamoo, Mwalimu. Mgonjwa kaamkaje?"

"Marahaba. Ajikuna."

"Basi ana upele. Askari wote wana upele, na yeye si wa serikali?"

Nimecheka. Sauti yangu mwenyewe ilinishtua. Mume wa mwanamke huyu alikwenda vitani akiwa na cheti cha ubatizo na chupa ya dawa ya maji, vyote viwili, wala hakurudi. Bado atania.

Alhamisi, 9 Mfunguo Sita

Kiini cha yai amekitema. Walburga alikitazama kiini kile kikizama. Akasema kwao wanachimba ming'oko porini, na mzizi wenyewe sasa ni wa kugombea na nguruwe.

Maji ya sanduku hupungua kila siku. Kila yanapopungua mimi huyarudisha: maji ya kisima, chumvi ya pwani ndani yake, kata kwa kata. Chuoni tulifunzwa amana irudi kama ilivyopokewa. Maji ya chumvi yamepungua — nami narudisha maji ya chumvi. Sijapunja hata tone.

Kisha nachota na kumwaga kutoka juu, nachota na kumwaga, ili maji yapate pumzi. Mkono wauma.

Ijumaa, 10 Mfunguo Sita

Nimeadhini mwenyewe. Nimekimu mwenyewe. Hapana Ijumaa ya mtu mmoja, nikaswali Adhuhuri. Daimu, aliyekuwa akiadhini, amezikwa. Vijana wa chuo wametawanyika, wengine wamevuka Ruvuma.

Niliporudi nikapangusa ukingo wa vioo. Ulikuwa na ukoko mweupe. Nikaonja. Chumvi!

Subhanallah. Maji hupaa, chumvi hubaki! Mvua haina chumvi hata ikitoka baharini. Mtoto wa alifu na be alijua hilo. Kilichopungua kilikuwa maji matupu, nami kila siku nikaongeza chumvi juu ya chumvi. Wale wawili nimewaua kwa uaminifu wangu.

Nimeufunga mfuko wa chumvi.

Jumamosi, 11 Mfunguo Sita

Mvua kutoka Matogoro. Nimekinga beseni. Kata moja ya maji ya mvua asubuhi, moja jioni, basi. Mwili uliozoea ukali haustahimili kubadilishiwa ghafla.

Ila vidoadoa vyaongezeka. Si chumvi pekee basi, ni maradhi. Marehemu baba alisema samaki wa Kilwa huingia mlango wa mto kwa makusudi, wakae katika maji baridi kitambo, na kupe wao hufa. Kupe hawezi maji yasiyo na chumvi. Samaki aweza — kwa muda mfupi. Mfupi kiasi gani, baba hakusema. Naogopa.

Jumapili, 12 Mfunguo Sita

Maulidi. Nilivaa kanzu nyeupe, nikafukiza ubani, nikasoma peke yangu mbele ya sanduku la vioo. Ilipofika mahali pa kusimama, nikasimama. Sauti moja. Kwetu saa hii watu hujaa hadi barazani, na marashi hunyunyizwa.

Kufungua mlango — Walburga, ametoka kusali kwao, amekaa nje akisikiliza. Akasema wimbo ni mzuri lakini mwimbaji mmoja ni msiba. Akaniachia ming'oko miwili ndani ya jani. Yeye, anipe mimi!

Jumanne, 14 Mfunguo Sita

Leo. Nikatia maji ya mvua katika bakuli, nikaliacha juani hadi yakawa vuguvugu sawa na ya sanduku. Nikamtia. Nikaanza kusoma Yasini, iwe kipimo changu cha muda.

Alitapatapa. Kisha akalala ubavu. Walburga akapiga kelele, "Mtoe, Mwalimu, unamuua!" Nikaendelea kusoma. Nilipoona matamvua yamelegea nikakata aya katikati — Mwenyezi Mungu anisamehe — nikamrudisha.

Alizama hadi chini. Walburga akachukua kata, akachota na kumwaga, akachota na kumwaga. Magharibi, pezi likatikisika.

Alhamisi, 16 Mfunguo Sita

Alhamdulillahi! Vidoadoa vimepukutika. Anaogelea wima. Amekula kiini chote, akarudi kwenye kioo kutaka zaidi! Nimemweleza Walburga safari yote: mapipa, vituo, kivuli cha mchana. Akasikiliza. Akauliza, "Na huku nani atabaki anasalimiwa shikamoo?" Nikadhani anatania.

Miguu ya mama mkwe wake imevimba kwa njaa. Chumvi iliyobaki nimempa Walburga, haina kazi tena hapa. Aliifunga kwenye pindo la kitenge, akalamba kidole.

Jumamosi, 18 Mfunguo Sita

Ombasha Mussa, askari wa boma, alikuja kabla ya Alasiri. Alikuwa na haraka. Bwana Daktari amehamishiwa boma la Langenburg, amekwisha panda meli ya Nyasa. Harudi Songea. Nikauliza, na samaki? Akacheka: Bwana amesema mzee amfanye apendavyo. Na mimi? Hakuna neno juu yako, Mwalimu. Akaenda zake.

Kitatange alikuwa akizunguka. Mzima kabisa. Rangi yake ya manjano imerudi kama siku ya kwanza.

Walburga alikuwa amesikia yote. Alikaa kizingitini. Akasema, bila mzaha, bila kunitazama:

"Mwalimu. Mama hajatia kitu kinywani tangu jana. Huyu kwenu analiwa?"

Analiwa. Samaki wa bahari ni halali, hata kuchinjwa hahitaji. Nayajua hayo tangu utoto, na uongo sikuweza.

Nikasema, "Analiwa. Subiri niswali."

Nimeswali. Nimevuta uradi hadi mwisho. Naandika nikiwa bado juu ya msala. Mlangoni Walburga anakohoa. Sasa ameuliza, "Mwalimu, umemaliza?"

Baada ya Alasiri hapana swala ya sunna hadi Magharibi. Nimewafundisha hivyo vijana miaka mingi. Naweka kalamu. Nasimama nianze rakaa mbili nyingine.